Kanuni ya Tatu Ukutani kwa Agnela

Kimandolu,
S.L.P. 1187,
Arusha.
19 Agosti 2025

Mpendwa binti yangu Ndeshi,

Marahaba, kwa kuwa najua umeniamkia kabla hujafungua bahasha. Hujambo wewe, na mumeo Lerionka hajambo? Je, mmepata nyumba yenye maji huko Kigoma, au bado mnahangaika na madumu? Huku baridi haijatuachia. Mlima Meru haujaonekana tangu Jumapili. Mguu wangu unaendelea vizuri. Mwanao Yoeli ameota jino la nne na anasimama kwa kushika kiti. Hayo yote ni ya kweli, nawe utaona sasa kwa nini nalazimika kulisema jambo hilo.

Nimeandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa huruma. Elihuruma anasafiri kesho, naye ataikabidhi mkononi mwako. Naomba uisome ukiwa umekaa.

Jumatano tarehe 6, siku Yoeli alipopatwa na homa, nilikuambia kwamba alitoka nyumbani mzima na akaugulia kwa Agnela. Nilikudanganya.

Saa kumi na moja alfajiri mwili wake ulikuwa wa moto. Nilimpima: 38.6. Nilijua la kufanya kuliko mtu yeyote hapa Kimandolu, kwa sababu Agnela alipofungua kituo chake cha kulelea watoto aliniomba nimwandikie kanuni kwa Kiswahili kizuri, nami nikaziandika kwa mkono wangu. Zimebandikwa ukutani, karibu na mlango. Ya tatu inasema: “Mtoto mwenye homa ya nyuzi 38 au zaidi abaki nyumbani. Asirudishwe kabla ya kutimiza saa ishirini na nne bila homa, na bila kupewa dawa ya kushusha homa.” Maneno yale ya mwisho niliyaongeza mimi. Nilimwambia Agnela kwamba wapo wazazi watakaompa mtoto dawa asubuhi ili apite mlangoni, na kwamba watu wa namna hiyo ni lazima wazibiwe njia.

Siku hiyo ndiyo waliyozindua darasa jipya kule Olmotonyi, katika shule niliyofundisha, lile walilolipa jina langu. Nilikuwa nimeshona kitenge. Nilikuwa nimeikariri hotuba. Nikajiambia kuwa ni meno tu, mimi ambaye nimewakaripia akina mama wangapi wanaosingizia meno kila homa! Nikampa ile dawa nyekundu ya maji ya kushusha homa. Tulipofika mlangoni saa mbili, alikuwa amepoa.

Agnela aliniuliza kama anavyomwuliza kila mtu: “Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu ameamkaje?”

“Marahaba. Hakulala vizuri. Anaota meno.”

“Umempima?”

“Sasa hivi. Thelathini na saba nukta moja.”

Kila neno lilikuwa la kweli, na jibu zima lilikuwa uongo.

Simu niliizima kwa heshima ya mgeni rasmi. Nilipoiwasha saa nane nilikuta Agnela amenipigia mara kumi na moja. Dawa ilikuwa imekwisha nguvu. Yoeli alikuwa anachemka na ametapika, na asubuhi yote alikuwa amelala mkeka mmoja na Lengai, mtoto wa Silantoi, mwenye miezi mitano.

Yoeli alipona baada ya siku mbili. Lengai alilazwa Jumamosi kwa nimonia, akakaa hospitalini siku nne, mbili kati ya hizo akiwa kwenye oksijeni. Sasa yuko nyumbani na ananyonya vizuri. Daktari hakusema ameipata kwa nani. Mwanzoni nilijificha nyuma ya hilo. Nimeacha.

Nawe, kwa kuniamini, uliandika katika kundi la wazazi kwamba Agnela anachanganya watoto wagonjwa na wazima. Wazazi watatu wamewaondoa watoto wao. Agnela hakujibu lolote, na linaloniumiza zaidi ni kwamba alijua. Kitambaa cha shingoni cha Yoeli kilikuwa na doa la ile dawa nyekundu. Alikifua, akakikunja, akakiweka katika mfuko wa nguo zake.

Nilipokwenda kuungama kwake Ijumaa iliyopita, aliniambia, “Nilikuwa nakusubiri, Mwalimu. Mimi ningeanzaje kuwaambia watu?” Kisha akanipa kiti. Laiti angenifukuza.

Silantoi hakunipa kiti. Huyu nilimfundisha darasa la nne Olmotonyi. Nilimkuta nyumbani kwake anamnyonyesha Lengai.

“Shikamoo, Mwalimu. Umekuja kuuliza kwa nini mwanangu hahudhurii?”

Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ulinichapa fimbo nne kwa kukosa shule siku tatu. Nilikwambia mdogo wangu anaumwa na mama yuko shambani. Ukasema hiyo si sababu.”

Sikumbuki, Ndeshi. Nimejaribu. Waliokosa walikuwa wengi, na wote niliwajibu hivyo hivyo.

Naomba uandike katika kundi lile kwamba kosa ni la mama yako, wala si la Agnela. Utaje jina langu kamili. Usiandike “bibi mmoja”, na usinisitiri. Ukitaka kuja kumchukua mtoto, njoo. Sitakuomba uniachie.

Leo asubuhi Yoeli amekataa uji. Nimempima: 37.7. Kwa kanuni yangu angepokelewa, lakini alikuwa mzito begani na macho yake hayakuwa yake. Leo nilipaswa kwenda Olmotonyi kuwasomea watoto hadithi katika darasa lile. Nimempigia mwalimu mkuu, kijana anayeitwa Rodrick, kumwambia siji. Akaniuliza sababu.

“Mtoto anaumwa,” nikasema.

“Pole, Mwalimu,” akajibu. “Basi kaa naye.”

Kumbe jibu la sababu hiyo ni fupi hivyo.

Nisalimie Lerionka, na umwambie mwenyewe haya yote kabla hajayasikia kwa mwingine. Mjomba wako Kaanaeli anawasalimu. Ng'ombe wake amezaa jike. Yoeli amelala hapa kifuani pangu ninapoandika, ndiyo maana mwandiko umepinda. Mungu awalinde huko, awape nyumba, na ampe mtoto huyu walezi wema kuliko nilivyokuwa siku ile.

Ni mimi mama yako ninayekupenda, na niliyekukosea,

Elinipa