Lipe Shimo Mgongo

Mpendwa shemeji, Mama Shija,

Mhola? Nami huku mhola, ila kifua kinabishana nami. Barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, leo siku ya nne. Herufi zimelala kama mtama ulioangushwa na upepo, lakini zitasomeka. Mwamba nausoma hata gizani, kwa kuugonga tu. Karatasi ndiyo inanisumbua.

Juzi nilipita Katoro nikasikia kipaza sauti ukumbini. Kuna bwana mwenye tai anafundisha watu wazima kuacha kuogopa mabadiliko. Nikasimama mlangoni nikacheka kwa sauti. Mabadiliko! Mtu wa kwanza kufundisha somo hilo ukanda huu wote ni mimi, mwanafunzi wangu ulikuwa wewe, na ukumbi wetu ulikuwa mdomo wa duara, shimo letu la dhahabu. Yule bwana akaniuliza, "Baba, una swali?" Nikamwambia, "Nina jibu." Nikaondoka zangu. Lakini njiani kicheko kikaniishia.

Unakumbuka? Mdogo wangu, mumeo, alikuwa ametutoka, nawe miaka mingi umekaa pale karibu na karasha, ile mashine ya kusaga mawe, unagonga mawe kwa nyundo, kucha zimekwisha, nywele zote vumbi. Dada yako akakuita Nkome, kule ziwani, mkauze dagaa. Ukafunga begi, ukafika stendi, ukarudi nalo kichwani. Ukasema umesahau sufuria. Mara ya pili ukasema umeota vibaya. Mara ya tatu hukusema sababu, ulikaa juu ya begi ukalia, ukaniambia, "Shemeji, haya mawe nayachukia, lakini nayajua."

Neno hilo liliniudhi. Nikakwambia nifuate. Tulipofika kwenye duara letu wenzangu wakaruka: mwanamke hakaribii shimo, dhahabu itahama! Nikawajibu, "Itahama nini, na miezi minne hatujaiona?" Nikakufunga kamba kiunoni, lile fundo langu ambalo mpaka leo hakuna anayeliweza. Ukataka kushuka uso mbele, macho kwenye giza, kama wanavyokosea wageni wote. Miguu ikagoma.

"Geuka," nikakwambia.

"Nigeukie wapi?"

"Lipe shimo mgongo. Tazama ukuta, huo unauona. Shika hapo. Mguu utatafuta kikanyagio wenyewe. Ukikipata ndipo uachie mkono. Kimoja kimoja."

"Shemeji, unaniua! Shija atabaki na nani?"

"Atabaki na mimi, na mimi napika vibaya. Kwa hiyo shuka, urudi."

Ukashuka vikanyagio sita. Ukapanda umejaa udongo mpaka kwenye kope, unacheka. Wiki ile ile ukaondoka. Ulikaa kiti cha mwisho cha gari, umegeukia dirisha la nyuma, unaitazama Katoro mpaka ikaisha. Nikajua somo limeingia. Tangu hapo kila mgeni anayekuja machimboni namsimulia, na kila nikisimulia vikanyagio vinaongezeka. Sasa hivi vimefika thelathini. Usinikatalie mbele za watu.

Sasa nikwambie ambalo sijamwambia mtu. Daktari wa zahanati anasema vumbi limekaa kwenye mapafu, nisishuke tena. Nilimbishia nusu saa nzima, huku nakohoa. Nikarudi kwenye duara nikakuta kamba yangu wameiondoa, wameniwekea kiti kivulini. Kiti! Mimi!

Sijui nani alikwambia nakohoa, ila ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza kwenye simu ya jirani mpaka chaji ikaisha. "Shemeji, njoo Nkome. Chumba kipo. Huku hakuna vumbi, kuna harufu tu." Wabeja, shemeji, asante sana. Nikafunga begi. Nikafika stendi. Nikarudi, eti kuku hawana mtu. Jumatatu nikaenda tena, nikarudi, na safari hiyo sababu hata sikuitafuta. Yule wa bodaboda aliyenibeba mara zote mbili akaniuliza, "Mzee, unasafiri au unatembeza begi?"

Nilipoacha kulima pamba kule Didia nikaja machimboni sikuogopa hata chembe, hiyo unaijua, nimeisema sana. Ambalo sijasema ni kwamba sikuwa na cha kuacha. Hapa nikipita ni "Shikamoo, fundi." Huko kwenu nitakuwa mzee tu, asiyejua kuogelea, asiyejua kuanika dagaa, anayeuliza choo kiko wapi. Na ziwa, shemeji, ziwa halina ukuta wa kushika. Tangu asubuhi nakaa, nasimama. Begi nalifunga, nalifungua. Nimefagia uwanja mara mbili na hauna uchafu.

Halafu nikakumbuka jambo dogo. Siku ile hukushuka kwa ushujaa wako peke yako, wala kwa maneno yangu. Ulishuka kwa sababu huku juu kulikuwa na mtu ameshika kamba, nawe ulimjua. Mimi nimesifu fundo miaka yote nikamsahau mshikaji.

Kwa hiyo nakuomba, na kuomba sijazoea: shika yangu.

Barua hii siitii kwenye bahasha. Nampa kondakta wa gari la Nkome, nimemruhusu aisome kwa sauti abiria wasikie. Yule wa bodaboda nimemsomea mwenyewe. Nimefanya hivyo makusudi, ili nikirudi tena na begi Katoro nzima inizomee. Kiti cha Alhamisi ni changu.

Uwe pale gari linaposimama. Utaona mzee anashuka mlangoni kinyumenyume, ametanguliza mgongo, mguu unatafuta ardhi. Watu wakicheka, waache. Usiniharakishe, usiniite. Ngoja mguu ufike chini, ndipo unipe shikamoo yangu.

Ni mimi shemeji yako mkubwa,
niliyekushikia kamba.