Sharubati, Karanga na Mashavu ya Debora

Jumanne jioni. Ukungu umekaa hapa kijijini Gare tangu asubuhi, na mimi naogopa.

Tangu nimwachishe ziwa Debora, kila akikataa ugali nambembeleza kwa sharubati. Nakamua pasheni, natia maji, kisha sukari ya duka la ujamaa mpaka kijiko kinataka kusimama chenyewe. Anaiita "tamu". Siku hizi hataki kitu kingine.

Na alipendeza jamani! Mashavu yalijaa, miguu ikawa minene. Mama mkwe alikuwa akimbeba kanisani apate kusifiwa. Balozi wa nyumba kumi aliwaambia akina mama waje kwangu wajifunze malezi, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nami nikavimba kichwa.

Leo nilimpeleka kliniki kwa sababu amekuwa mzito wa kucheza na nywele zimeanza kuwa nyekundu. Nesi hakumsifu hata kidogo. Alimbonyeza kwa kidole gumba juu ya mguu, akakiondoa. Shimo likabaki. Nikalitazama nikingoja lijae, halikujaa.

"Huyu hajanenepa, mwalimu," alisema. "Amevimba."

Akanieleza polepole, kama ninavyowaeleza watoto wa darasa la kwanza. Sharubati yangu ni maji na sukari, na tunda lenyewe ni kidogo mno. Inampa nguvu ya muda na kumshibisha bure, lakini haina cha kumjenga. Karanga zina protini na mafuta, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mwili wake unavililia. Nizikaange, nizitwange laini kabisa, nizikoroge kwenye uji, na maharage yaliyopondwa nisiyasahau. Nimrudishe Ijumaa. Asipokula, atalazwa. Niliuliza kama watoto wa namna hii hufa. Akasema wengine hufa, wakicheleweshwa.

Karanga ninazo. Zipo kwenye kopo juu ya kabati, za wageni kutafuna wakipiga soga.

Nilipomfunga mtoto mgongoni, nesi akanishika mkono.

"Akianza kupona, uvimbe utatoka na atakonda. Watu watasema unamnyima chakula. Usirudi kwenye sharubati."

Sikujua kwamba hilo ndilo lingenitisha kuliko yote.

Nimetwanga, nimekoroga, nimemlisha kwa kijiko cha chai. Amegeuza uso, akalia "tamu, tamu" kwa sauti isiyo na nguvu. Nimelia naye. Baadaye amemeza vijiko vitatu, labda vinne. Sijawahi kufurahia kitu kidogo namna hiyo.

Mama mkwe ameingia nikiwa naosha kinu. Nimemwamkia shikamoo, akaitikia huku akiitafuta chupa ya sharubati kwa macho. Nimemweleza yote. Amemfinya mjukuu shavu kwa upendo.

"Mama Debora, mtoto mwenye mwili hivi ndiye mgonjwa? Ukimkondesha, nitamchukua mimi."

Hakusema kwa hasira. Anampenda, na kwake kuna pasheni na sukari tele.

Ameondoka. Debora amelala, na mimi nambonyeza mguu, naondoa kidole, natazama. Shimo lipo.

Kila jioni huwa naomba mtoto wangu anenepe. Leo nimepiga magoti nikakosa maneno, mpaka yakaja haya, na nitayarudia kesho hata mama mkwe akinisikia.

Ee Mungu, mkondeshe mwanangu.