Kiti Kisichotikisika Bila Mtu

Jumanne, baada ya Isha

Nimechukua kile kiti cha bembea chenye miguu. Mwanangu Mwanaidi amenuna mpaka sasa.

Yeye alitaka bembea ya kuning'inia kwa minyororo, ifungwe kwenye boriti ya baraza, palepale marehemu baba yake alipokuwa akikaa. "Mama, baba angeipenda hii," kaniambia mbele ya fundi wa kuchomelea, huko Pongwe. Najua angeipenda. Ndiyo maana sikuitaka.

Pale kwa fundi upepo ulipita kidogo tu, bembea ikaanza kwenda na kurudi, tupu, polepole, kama mtu amekaa anasubiri kahawa yake. Mwili ulinisisimka. Tangu nitoke eda silali vizuri. Kitu kama kile nje ya dirisha langu, si nitakuwa...

Nikauliza kuhusu kile kiti kingine, kinachoteleza mbele na nyuma juu ya miguu yake.

"Hiki kizito, mama," fundi akasema. "Bila mtu hakitikisiki."

Nikamwambia akipakie.

Magharibi kilikuwa kimeshawekwa barazani. Nikamshukuru Mungu, nikaingia ndani.

Sasa upepo umeshika kwelikweli. Pazia linapepea, mlango wa uani unajigonga. Nimeshachungulia dirishani sijui mara ngapi. Kiti kimetulia tuli.

Mara ya mwisho sikuondoka upesi. Niliegemea nondo za dirisha, nikasema kwa sauti ya chini, Mwanaidi asisikie: "Baba Mwanaidi, kitikise basi. Hata kidogo."