Glavu Iliyolazwa Kifudifudi

Hotelini, 4 Juni 1951

Shikamoo Baba,

Kifua kinasemaje? Mimi mzima, ila kidole gumba kimevimba. Jana nimeupiga mpira nje ya uwanja mara mbili, na bado tukafungwa tisa kwa nne! Magazeti ya besiboli kimya. Nani atamwandika mlinzi wa kituo cha tatu wa timu inayoburuta mkia?

Unataka kuja kuniona. Tafadhali, Baba, usije. Watazamaji wenyewe wachache, na wote wanatuzomea. Naona aibu. Ngoja nipate timu ya maana.

Mwanao, Emil

Shamokin, 20 Juni 1951

Marahaba mwanangu,

Kikohozi ni kilekile, tumeshazoeana. Mgodini wenzangu wananicheka: "Ondrej, huyo mwanao mbona redio haimjui?" Nawaambia redio ina mdomo, haina macho.

Haya, umesema nisije. Nimesikia.

Baba yako

Hotelini, 28 Agosti 1955

Shikamoo Baba,

Miaka minne nakwambia ngoja, ngoja. Sasa nimeuzwa kwa timu inayoongoza ligi! Sikufichi, mgongo umekwisha, nakalishwa benchi. Lakini fainali za Oktoba nimekuwekea kiti cha mbele kabisa. Safari hii uje, Baba. Nakuomba.

Mwanao, Emil

Shamokin, 15 Septemba 1955

Marahaba mwanangu,

Anayeandika ni dada yako Ludmila, mimi nasema tu. Macho yalipofuka mwaka jana. Sikukwambia, usije ukakosa mipira kwa kuniwaza.

Nami nina la kuungama. Nilikuja. Jumapili moja ya Julai, mwaka uleule ulionikataza, nilikaa viti vya nyuma kule juani. Uso wako sikuuona kwa umbali. Nilikujua kwa glavu. Zamu yenu ya kupiga ilipofika, wenzako walizitupa zao nyasini ovyo, wewe ukainama ukailaza yako kifudifudi, kama nilivyokuwa nalaza zangu mgodini vumbi lisiingie.

Halafu ukaupiga mpira! Ukatua safu mbili mbele yangu, watu wakaugombania. Jirani yangu akaniuliza, "Mzee, nani huyo?"

Nikasema simjui. Ulinikataza, mwanangu, ningesemaje? Nikapanda treni nikarudi kazini.

Neno lile linaniuma kuliko kifua. Kiti cha mbele mpe mwenye macho.

Baba yako