Mochi Mgongoni mwa Njiti

Shangazi Fumie mpendwa, naomba msaada na naomba unijibu upesi maana sherehe ya mwanangu ni Jumapili. Mwaka jana nilirudi Tottori kwa mama kujifungua, kama wasichana wote wa kwetu, nikaja na gari lenye namba za jiji la Osaka, na jirani yetu Bi Hisae alipoliona tu akafunga madirisha, na kumbe hakukosea, kwa sababu nilikuja na korona, nikaugua mpaka nikashindwa kupumua, madaktari wakanipasua kabla ya wakati, na binti yangu Kotoha akatoka njiti wa kilo moja na nusu, akawekwa kwenye mashine ya joto nami nikafungiwa chumba kingine, nikawa namwona kwenye simu tu, na nilipokuja kuruhusiwa kumshika nilimwogopa kama kitu nilichoazima. Sasa anatimiza mwaka, na mama ameshanunua mchele wa kunata, anataka Kotoha afungwe mgongoni mochi, lile donge la wali uliotwangwa, atembezwe mbele ya ndugu kama watoto wengine, na mochi hiyo ni nzito kuliko yeye alivyozaliwa, Shangazi, nikakataa, nikasema itamvunja mgongo, mama akaniambia, "Aliyevunjika mgongo ni wewe. Mtoto ni mzima." Tangu hapo hatusemezani, na juzi nilipokuwa nalia jikoni Kotoha akaburuta ndoo ya figili za kuchachusha mpaka mlangoni. Tafadhali andika gazetini kwamba nina haki, nimwonyeshe mama.

Mama Kotoha

Mama Kotoha, pole, na ninaisema kwa moyo wote. Uliumwa, ukapasuliwa, ukanyimwa mtoto wako mwenyewe. Ungekuwa jiwe kama usingeogopa. Lakini unanitaka niwe fimbo ya kumchapia mama yako, na kazi hiyo siitaki. Ugonjwa ule ulizunguka dunia nzima na wajawazito wengi walijifungua mapema, nawe unajitwisha wote peke yako. Daktari wa mtoto anasemaje? Hukuandika. Kamuulize kesho. Kisha soma tena barua yako: mtoto anayeburuta ndoo ya figili, unamwogopea mochi? Ndoo hiyo ina jiwe la kugandamizia juu yake, mwanangu, hata mimi ninayo.

Mfunge mochi vizuri, kaa mbele yake, si nyuma yake, na unyooshe mikono. Akianguka, kwetu ni heri vilevile. Na Bi Hisae mwalike.

Wasomaji, gazeti hutoka Jumanne, kwa hiyo majibu haya nilimsomea kwa simu Ijumaa. Akanikatia simu. Jumapili jioni akapiga mwenyewe. Daktari alimwambia mtoto hana tatizo lolote. Kotoha alisimama na mzigo wake, akaanguka kifudifudi, akalia, ndugu wote wakamkimbilia isipokuwa mama yake, aliyebaki palepale mikono wazi. Mtoto akajikusanya, akainuka na mochi yake, akamfuata mpaka akamfikia. Bi Hisae, aliyekuwa amesimama mlangoni na barakoa yake, ndiye aliyepiga makofi kuliko wote.

Nikamuuliza mochi imeishia wapi.

"Tumeila, Shangazi. Mama amenikatia kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote. Amesema na mimi nimebeba."