Jina Nisilokuandikia

Sfax, Jumanne

Mwanangu Nizar,

Mama yako hajambo, na harisa ya pilipili ya mwaka mzima ameshaitia kwenye mitungi. Tangu uende Tunis kwenye kikao cha fainali, mvua haijakatika.

Kumweka mchezaji benchi si kosa. Ndiyo kazi ya kocha. Ulipomwacha mtoto wa mwenyekiti nilikusifu. Lakini wewe mwenyewe uliwaambia wachezaji, "Anayeumia amwambie Ami Hedi akimchua. Hakuna atakayepoteza namba kwa kusema kweli." Wassim alikuamini, akaniambia goti linamsumbua. Nilikuletea habari hiyo ili atibiwe. Wewe ukamkata kwenye kikosi cha fainali mbele ya wenzake, huku unacheka: "Babu, nenda ukaote jua na Ami."

Wenzake walicheka pia, kwa woga. Mimi hadi leo nikinawa mikono naona haitakati. Ungeweza kumwita pembeni ukamwambia. Angelia, lakini angekuheshimu.

Sasa kila anayelala kwenye meza yangu ni mzima. Leo mmoja amekuja kifundo kimevimba hata kiatu hakiingii. Nikamuuliza panauma wapi.

"Hapaumi popote, ami," akasema, kisha akang'ata taulo nilipomgusa.

Jina lake sikuandikii. Mwombe Wassim radhi mbele ya wenzake, huenda na huyu akakwambia mwenyewe. Usipofanya hivyo, utamjua Jumapili, uwanjani.

Ami yako,
Hedi