Sauti Niliyoikata

Kwako Boay, rafiki yangu wa ghala moja,

Namba yako bado naipiga. Yule dada wa mtandao ananiambia kwa upole uleule kwamba haipatikani, nami namsikiliza mpaka amalize Kiswahili chake na kuingia kwenye Kiingereza, maana huwezi jua, labda kwa Kiingereza ana habari nyingine. Huu ni mwaka wa tatu. Ndiyo maana barua hii naiandika wazi, aisome yeyote. Kama kuna mtu huko kusini kwenye machimbo anayemfahamu kijana mrefu wa Rhotia, mwenye kovu la panga kwenye kidole gumba, anayeimba Kiingereza ambacho hata mwenye lugha hakielewi, namwomba amsomee.

Mama yako hajambo. Magoti yanamsumbua, lakini shambani anakwenda. Maharage mwaka huu yamekubali. Yule ng'ombe mwenye pembe moja amezaa jike, na ghala limejaa mpaka mlangoni. Ungekuwepo tungerekodi.

Nina jambo la kukuungamia, Boay, na siwezi kulifikia bila kuanzia kwenye ile kadi.

Tulikuwa kidato cha tatu. Mama yako alikutuma Karatu mjini, dukani kwa Mzee Swalehe, akujazie nyimbo za kwaya kwenye memori kadi ya redio yake ndogo. Mzee Swalehe ni mtu wa msikitini, kwaya zote kwake ni moja, akabonyeza folda aliyoiona kwanza. Kumbe ilikuwa ya dereva mmoja wa watalii aliyeacha nyimbo zake pale zihifadhiwe. Ukarudi Rhotia na muziki wa roki wa wazungu mtupu, wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho. Mama yako akaiwasha redio huku anachambua maharage, gitaa likanguruma, naye bila kuinua kichwa akasema, "Boay, hebu funga mlango, mashine ya kusaga inapiga kelele." Siku hiyohiyo ulikuja kwetu mbio, kadi umeifunga kwenye karatasi ya daftari kama dawa ya hospitali. "Oya," ukaniambia, "kuna kitu humu. Sikiliza, usiongee."

Nilisikiliza. Sikuongea kwa muda mrefu, na wewe unanijua mdomo wangu.

Saitoti, mwenzetu wa darasa aliyelala bweni, kutoka Piyaya, naye tukamrushia kwa bluetooth, simu zimebanana mgongo kwa mgongo, tunaogopa kupumua zisije zikaachana. Alisikia wimbo mmoja, akafikiri, akasema unamkumbusha dume la ng'ombe linapojikuna kwenye mti. Tulidhani ameukataa. Kesho yake asubuhi alikuwa anapigia ndoo ya kuogea mdundo wake, mwalimu wa zamu akamnyang'anya ndoo.

Huwa nacheka nikikumbuka studio yetu. Ghala la mama yako, magunia ya mahindi pande tatu na maharage mlangoni. Wewe ndiye uliyegundua kwamba magunia yanameza mwangwi. Baada ya mavuno sauti ilikuwa tamu, nzito, na kadiri yalivyouzwa ndivyo tulivyoanza kusikika kama tunaimba kisimani. Mpaka leo nikisikiliza wimbo wetu wowote, kwa ule mwangwi tu najua ni mwezi gani na magunia yalibaki mangapi. Gitaa lilikuwa la kwaya ya kanisa. Nilimwambia mwalimu wa kwaya nalichukua kwa ajili ya mazoezi, na huo haukuwa uongo, ila hakuniuliza mazoezi ya nini. Tuliliunganisha kwenye spika ya redio iliyochanika, na ile ngurumo ya wazungu ikatoka yenyewe. Saitoti alikaa juu ya gunia na dumu la mafuta ya kula katikati ya magoti. Simu yangu tuliining'iniza kwenye boriti kwa uzi wa gunia.

Na wewe uliimba. Lakini hukuimba kwa sauti yako hata siku moja, na hapo ndipo shida yangu ilipo. Ulikuwa unaitafuta sauti ya yule mwimbaji wa kwenye kadi mpaka unaipata, unaipeleka nyuma ya pua, unaikwaruza kooni, mishipa inakutoka. Nilikuambia siku moja uimbe kawaida, ukanijibu, "Nikiimba kawaida si itakuwa kwaya?" Saitoti akacheka mpaka akaanguka kutoka kwenye gunia. Kwa kweli ulikuwa hodari. Tuliwasikilizisha madereva wa utalii pale kijiweni, wakabisha kwamba huyo ni mtu wa Rhotia.

Kabla ya kila wimbo ulikuwa na mambo yako. Unafukuza kuku. Unanigombeza kwa Kiiraqw kwamba nyuzi zimelegea. Unahesabu, "Moja, mbili, twendeni." Na wimbo ukiisha, hata mdundo wa mwisho haujatulia, unaniuliza, "Imeingia?" Kila mara, "Imeingia?" kana kwamba simu ingeweza kukataa.

Vyote hivyo nilivikata, Boay. Mimi ndiye niliyejipa cheo cha fundi mitambo. Nilitaka nyimbo zetu zianze kama zile za kwenye kadi, kimya halafu gitaa, na ziishe kwa adabu. Jioni nilikuwa nakaa na simu natoa kuku, natoa kikohozi, natoa "imeingia" zako zote. Simu ilikuwa haina nafasi, kwa hiyo kila nilipokata nilihifadhi juu ya ile ya mwanzo. Ulikuwa unanitania: "Wewe ungekuwa muuza nyama, watu wangepelekewa mifupa." Nami nilikuona hujui kazi.

Mwezi ule ulipoondoka ghala lilikuwa jeupe, halina gunia hata moja. Ulisema unaenda kusini msimu mmoja tu, ukipata mawe mazuri ya vito utanunua gitaa letu wenyewe, lile la kwaya lirudi kwa Bwana. Miezi ya mwanzo ulipiga. Halafu ukawa unaandika tu kwenye kundi letu la WhatsApp, neno moja moja, "poa," "nipo," kwa sababu bando lako lilikuwa la nyimbo. Halafu kimya.

Tumefanya yote tunayoyajua. Tumekwenda polisi, umetangazwa kanisani mara nyingi, na kila kijana anayerudi kutoka huko tunamfuata nyumbani kwake hata kabla hajala. Mmoja alisema alikuona, tukafurahi wiki nzima, kumbe alimwona Boay mwingine wa Mbulu. Wajomba zako walikuja mwaka jana kumshauri mama aweke matanga, mambo yaishe. Aliwaandalia chai, wakanywa, ndipo akawauliza, "Nimlilie nani? Mmeniletea nani?" Walichukua kofia zao wakaondoka.

Basi baada ya mavuno ya mwaka huu mama alikuja kwetu Jumapili moja, ametoka ibadani, kitenge bado kimenyooka. Hakukaa. Alisema, "Mwanangu, sura yake ninayo. Picha ya kipaimara iko ukutani. Lakini sauti inaondoka. Jana nilijaribu kumsikia akiniita ayo, nikamsikia marehemu kaka yangu." Ayo, wasomaji wangu, ni mama kwa Kiiraqw. Akanipa ile kadi, kadi ileile, imefungwa kwenye kona ya leso. "Wewe ulikuwa unamrekodi. Nijazie humu."

Nilifurahi, Boay. Hebu fikiria ujinga huo. Nilifurahi kwamba nina kitu cha kumpa. Nilimjazia nyimbo zote ishirini na tatu, nikampelekea mwenyewe, tukakaa nje na redio kwenye mapaja yake.

Wimbo wa kwanza ukaanza. Alisikiliza mpaka mwisho, ameinamisha kichwa. "Huyu nani?"

"Ni Boay, mama."

"Huyu mzungu?"

Nikaweka wa pili, nikaweka wa tatu. Alikuwa anasogeza sikio kwenye redio kama mtu anayetafuta stesheni. Wa saba au wa nane aliniangalia, bila hasira, akasema, "Zinapendeza. Lakini mwanangu yuko wapi humu?"

Nilikuwa nimekutoa humo wewe mzima, kipande kwa kipande, kwa mikono yangu, na nimebakiza yule mzungu.

Kisha ukafika ule wimbo wa polepole, ule ambao hatukuurudia tena. Unakumbuka kwa nini hatukuurudia? Kwa sababu katikati ya kiitikio cha mwisho mama aliita kutoka shambani, nawe ukagoma kuacha. Nisingeweza kumtoa bila kuua wimbo, nikamwacha. Basi tuko pale nje, yeye na mimi, na kutoka kwenye redio anajisikia mwenyewe, mbali kidogo, nyuma ya gitaa: "Boay! Boay, ng'ombe wameingia kwenye maharage! Wee Boay!" Halafu mdundo mmoja wa dumu, halafu kimya. Nilikata hapo. Nilikata vizuri sana.

Alishtuka, akashika mkono wangu. "Ni mimi huyo." Alikuwa anatabasamu. Akaingoja redio iendelee, ikaingia kwenye wimbo mwingine. "Hakuitika?"

Nikamwambia simu iliishiwa chaji.

Uliitika. Mimi, wewe na Saitoti tunajua kwamba uliitika. Ulipaza sauti kwa sauti yako mwenyewe, ile ya nyumbani, ukasema, "Naja, ayo! Namalizia tu!" ukaruka magunia, na Saitoti akakuimbia kwa nyuma kwamba maharage yamekwisha. Vyote vilikuwepo kwenye simu. Niliviona ni uchafu.

Nilihangaika baada ya siku ile. Nilimpelekea fundi mjini simu ya zamani, akaifungua, akaifunga, akasema kilichohifadhiwa juu ya kingine kimekwenda. Nilimpigia Saitoti. Yuko kwao Piyaya na mifugo, mtandao mpaka apande kilimani, nilimtafuta siku nne. "Kaka," akasema, "mimi ninazo zilezile ulizonitumia wewe. Zote umezinyoa." Upepo wa huko ukavuma kwenye simu. Kisha akaniuliza kama nakumbuka ulivyokuwa unasema "imeingia." Nikamwambia nakumbuka. Ndiyo hayo tu tuliyokuwa nayo ya kusaidiana.

Mama hakuzirudisha nyimbo. Kila Jumapili nikipita kumsalimia namkuta na redio, na ni ule mmoja tu. Anaweka, anajisikia akiita mara tatu, unakatika. Anarudisha mwanzo. Nimezoea kukaa naye, na kila ikifika pale natega sikio, kana kwamba leo utasahau kwamba nilikukata.

Jumapili iliyopita aliniambia, "Siku ile nilimgombeza sana. Nilidhani amenisikia akanidharau. Kumbe masikini hakunisikia."

Hapo nilishindwa. Nikamwambia yote: "Alikusikia, mama, na aliitika. Aliyekata ni mimi."

"Kwa nini ulikata?"

"Nilitaka wimbo uwe safi."

Nilingoja anifukuze. Nilitaka anifukuze, ingenisaidia. Yeye akafikiri kidogo, akauliza, "Alisemaje?" Nikamwambia maneno. Akaitikia kwa kichwa, akasema, "Hebu sema kama alivyosema yeye. Wewe ulikuwa naye kila siku."

Boay, wewe ulimwiga mtu wa ng'ambo ambaye hukuwahi kumwona, mpaka madereva wakabisha. Mimi nimekaa na wewe toka chekechea. Nilijisafisha koo, nikafungua mdomo, nikasema, "Naja, ayo, namalizia tu." Ikatoka sauti yangu. Nikajaribu tena kwa juu kidogo, ikatoka sauti yangu tena. Kuku wakaniangalia. Mama akanishika goti, akasema, "Basi, mwanangu, acha. Umejaribu." Akarudisha wimbo mwanzo.

Sijui nifanye nini, na kwa kweli hakuna kilichobaki cha kufanya, ndiyo maana naandika. Kama uko hai na unaona aibu kwa sababu hukupata mawe, hakuna anayesubiri mawe. Gitaa la kwaya lipo, nyuzi mbili zimekatika. Usitueleze ulikuwa wapi. Azima simu ya mtu yeyote, bonyeza pale pa kurekodi, sema yale maneno manne. Kukiwa na upepo, uache. Ukikohoa, ukohoe. Uliza kama imeingia. Safari hii sitagusa kitu.

Na kama sauti yako ya nyumbani imekupotea huko, tumia ile ya mzungu. Nilipoondoka Jumapili nilimsikia mama nyuma yangu akiuimba ule wimbo polepole, kupitia puani, anakwaruza kama wewe, Kiingereza chako kilekile kisicho na maana. Ataijua sasa. Amekuita mara tatu, Boay. Itika.

Ni mimi,
mpiga gitaa wako, Rhotia